Roketi ya Mama Mkwe

Walioniamkia nimewaitikia marahaba. Ambaye hajaamkia aanze sasa, nitamngoja. Nimewahi kungoja makubwa zaidi ya hilo, nimesimama na kipaza sauti mkononi mbele ya kijiji kizima kinachokohoa.

Naambiwa miongoni mwenu wapo wanaotaka kutunga sinema za mambo ya sayansi: watu wanaoruka angani, mashine zinazosema, dunia ya mwaka ambao haujafika. Mmefanya vizuri kuja kwangu. Mkoa huu una walimu, una madaktari, una mapadri na masheikh, lakini mtu aliyempeleka binadamu mwezini kutokea Mungaa ni mmoja tu, na ndiye huyu. Elimu yangu ni darasa la nne, na hilo la nne lenyewe nililisoma nusu, kwa sababu ng'ombe wa baba walihitaji mtu mwenye akili. Wala msiniite mzee sana. Watu wanasema nimestaafu. Kilichostaafu ni gari la sinema, ambalo sasa limekaa juu ya mawe nyuma ya ofisi, na kuku wangu wanataga kwenye kiti cha dereva.

Hilo gari ndilo lililonilea. Lilikuwa la serikali, na kazi yake ilikuwa kuzunguka vijijini kuonyesha picha za maendeleo: matuta, chanjo ya mifugo, uji wa watoto. Tunatundika shuka jeupe kati ya miti miwili, tunawasha jenereta, projekta inaanza kulia kama nyuki waliochokozwa. Picha zenyewe zilisema Kiingereza, kwa hiyo lazima awepo mfasiri, anasimama kando ya shuka na kipaza sauti, anawaambia watu kwa lugha yao nini kinachoendelea. Mimi niliingia kazini kama mbeba jenereta. Mnaoniona na hili bega moja limeshuka, hapo ndipo liliposhukia.

Mfasiri wetu alikuwa Mzee Sulemani, mtu mwembamba mwenye sauti ya kumtosha mtu mnene. Yeye ndiye aliyenifundisha jambo ambalo hata vyuoni sidhani kama wanafundisha. Aliniambia, "Usimsikilize anayecheka. Anayecheka yuko na wewe. Msikilize anayekohoa, maana huyo anatafuta njia ya kwenda nyumbani." Jioni moja tukiwa Sepuka sauti ikamkauka, haitoki hata ya kuomba maji. Akanishikisha kipaza sauti, akaninong'oneza sikioni, "Sema chochote, ila usinyamaze."

Picha ya siku hiyo ilikuwa ya matuta. Mtu mwenye kofia nyeupe analima tuta, anamaliza, anaanza jingine. Nikafasiri tuta la kwanza. Kwenye tuta la pili nikasikia kikohozi kule nyuma. Kwenye la tatu vikawa vingi, kama kijiji kimeingiliwa na mafua. Ndipo akili yangu ilipofunguka. Mbele kabisa alikaa mzee mmoja kwenye kigoda, anaitwa Mzee Nkungu, mtu anayesikilizwa pale Sepuka. Nikamwelekezea sauti.

"Mzee wangu, huyo unayemwona si mkulima wa leo. Huyo ni mjukuu wa kitukuu chako. Picha hii imepigwa huko mbele, kwenye miaka ambayo bado haijafika."

Kikohozi kikakatika.

"Kwa upande wa nani?" akauliza Mzee Nkungu.

"Wa mwanao mkubwa."

"Mbona hafanani na sisi?"

"Amekula vizuri."

Watu wakacheka, mzee akajikaza, akatazama lile shuka kwa makini kama anayekagua mahari. Kisha akauliza swali ambalo nawausia mlikariri. "Na ng'ombe wake wako wapi?"

Nikasema, "Wako nyuma ya kilima, picha haikuwatosha." Uwanja mzima ukashusha pumzi. Kwa hiyo jueni: mkitunga dunia ijayo kwa ajili ya watu wa huku, ondoeni mnachotaka. Ondoeni barabara, ondoeni kodi, ondoeni hata usiku. Ng'ombe waacheni. Mtunzi akisema huko mbele hakuna ng'ombe, watu watamwona ni mchawi au ni afisa.

Tangu siku hiyo kipaza sauti kikawa changu, na Mzee Sulemani akapumzika kwake anafuga nyuki. Sikufasiri tena, nilitunga. Picha ya uji ikawa habari ya mtoto aliyekunywa kikombe kimoja akakua kwa siku moja, akaota ndevu mama yake akiwa bado anakoroga sufuria. Picha ya chanjo ikawa habari ya ng'ombe waliotoka kwenye nyota na ugonjwa wa nyota. Watu walitoka vijiji vitatu kuja kunisikia. Na ni sauti hiyohiyo iliyonipatia mke, Zena wa Mungaa. Baba yake, Mungu amrehemu, alisema wazi kwamba binti yake hawezi kumpa mbeba jenereta, ila mtu anayesikika kutoka uwanjani mpaka kwenye zizi lake, huyo anafaa. Likumbukeni hilo, maana muda si mrefu nitakaribia kurudi kwenye jenereta.

Balaa lilitoka kwenye jembe. Kwenye picha moja ya trekta nilisema kwamba linakuja jembe linalojilima lenyewe, unaliambia tu shamba lilipo na wewe unakaa. Nilisema kwa utamu, nikaeleza hadi rangi yake. Msimu uliofuata Afisa Habari akaniita ofisini. Alikuwa mtu wa kutoka mbali, mpole, mwenye suti ya mikono mifupi na viatu visivyokubali vumbi. Kwenye benchi amekaa Mzee Nkungu na wenzake wawili.

"Ndugu," Afisa akasema, "wazee wamekuja kuulizia jembe."

"Jembe gani, Ndugu Afisa?"

"Linalojilima lenyewe. Wanasema ulilitangaza wewe, na kipaza sauti ulipewa na serikali."

"Hatuna haraka," akasema Mzee Nkungu kwa upole. "Tumesimamisha palizi kwanza, tunalisubiri."

Nilimtazama usoni nione kama anatania. Uso wake ulikuwa kama ukuta wa tembe. Wazee wa kwetu ndivyo walivyo, unaweza kukaa nao mwaka mzima hujui kama umechekwa.

Walipoondoka, Afisa alifunga mlango. Hakunifokea, na hilo ndilo lililonitisha. Alisema, "Sikukuu ya wakulima inakuja, na Mkuu wa Wilaya atakuwepo. Utatoa mchezo mmoja, wa kwako mwenyewe, wa mambo hayohayo ya miaka ijayo unayoyapenda. Watu wakicheka, wacheke. Lakini wakitoka uwanjani watoke wanaenda kulima. Wakitoka wanangoja mashine, kipaza sauti nampa Lazaro, na wewe unarudi kwenye jenereta."

Lazaro alikuwa dereva wetu na mwendesha projekta, Mnyiramba wa Kiomboi, mtani wangu, mtu wa kucheka bila kufungua mdomo. Kesho yake nikamkuta anakunywa asali kijiko kizima asubuhi.

"Unaumwa?" nikamuuliza.

"Nalainisha koo," akasema. "Huwezi kujua mtu ataitwa lini."

Bahati yangu ilikuja na vumbi. Aliletwa mpiga picha kutoka Dar es Salaam, Ndugu Kassimu, kupiga picha za vijiji vipya, watu wakihamia na kujenga. Nilimchunguza siku mbili tatu nikaona kwamba kila mkanda wa filamu ukikaribia kwisha anautoa, kile kipande kilichobaki anakiweka kwenye mkebe. Nikamuuliza vile vipande ni vya nini. Akasema havitoshi jambo la maana. Nikamwambia mimi ninalo jambo lisilo na maana, linaenea humo vizuri. Akakataa. Nikampelekea asali ya nyuki wadogo na jogoo mweupe. Akakataa tena, lakini kidogo. Mtu wa pwani akishaonja asali ya nyuki wadogo, masharti ya ofisi yanaanza kumpotea moja moja.

Sasa mtaniuliza niliandikaje mchezo na darasa langu la nne lenye nusu. Sikuandika. Nilitandika ngozi uani, nikamwaga kunde. Kunde nyekundu ni huyu, nyeupe ni yule, bunzi la hindi ndilo roketi. Nikawa nazisogeza: huyu anatoka, huyu anapokea, hawa wanashangaa. Kila mchezo nilioutengeneza maisha yangu nilianza hivyo, na nawashauri muige, ila fungeni kuku. Yule jogoo wa Ndugu Kassimu, kabla sijampeleka, aliingia uani nikiwa nimekwenda kunywa maji, akala watu wote wa mwezini akambakiza mmoja. Nikakaa nikatafakari, nikaona mchezo umekuwa bora. Mwezi wenye watu wengi ni Singida tu. Mwezi wenye mtu mmoja mwenye njaa, huo ni mwezi.

Na habari yenyewe ilikuwa hii. Watu wa mwezini waliacha kulima, wakakaa kungoja mashine. Mashine hazikuja. Mbegu zikaisha, watu wakaisha, akabaki mmoja. Ndipo anatokea rubani kutoka Singida, anashuka na roketi, amebeba mbegu na jembe. Anampa. Mtu wa mwezini analima. Basi. Mnaona nilivyomjibu Mzee Nkungu bila kumtaja? Rubani ni mimi, mtu wa mwezini ni Lazaro. Nilitaka nimwone akipokea jembe kutoka kwangu.

Mwezi wenyewe nilikuwa nao tayari. Nendeni ufukoni mwa ziwa Singidani wakati wa kiangazi, maji yakisharudi nyuma: chumvi nyeupe mpaka macho yanauma, miamba imesimama kama imetupwa kutoka juu, hakuna jani. Redio ilikuwa imeshasema kwamba kuna watu wamekanyaga mwezini kweli. Ndugu Kassimu alipouona ule ufuko akasema wale walikwenda mbali bure.

Ilibaki roketi. Nilijaribu mapipa ya mafuta, yakaonekana mapipa ya mafuta. Nilijaribu mabati, upepo ukayachukua. Mwisho nikiwa ukweni Mungaa, nimekaa nje kama inavyompasa mkwe, nikaona kile kihenge cha kuwekea uwele, kimesukwa kwa fito, kimenenepa katikati na kuchongoka juu, kirefu kuliko mtu. Msimu ulikuwa unaishia, kilikuwa kitupu. Kilikuwa roketi tangu kiliposukwa, kilikosa tu rubani.

Lakini kihenge kilikuwa cha mama mkwe. Hapa inabidi niwaeleze nyinyi mliozaliwa juzi, mnaopanda basi moja na wakwe zenu na kuwapa karanga. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawatazamani. Akija njia hii, wewe unaingia porini. Huli mbele yake, husemi naye uso kwa uso, na yeye hivyohivyo. Si chuki. Ni heshima iliyo nzito kuliko salamu. Basi nikamtuma Zena. Mama yake, Mama Zena, alikuwa ndani, mlango wazi, anasikia kila neno langu, lakini Zena aliingia akarudia yote.

Jibu likatoka hivyohivyo, kwanza mlangoni kwa sauti kubwa, halafu kwa Zena.

"Mwambie kihenge changu hakijawahi kulala nje ya ua huu bila mimi. Kama kinakwenda mwezini, na mimi nakwenda."

"Mama anasema na yeye anakwenda," Zena akaniambia.

"Mwambie mama kazi ya mwezini ni ngumu."

"Mwambie uwele wa hicho kihenge umemlisha mke wake mpaka akampata mnene. Rubani ni mimi."

Nikakubali. Kukubali kulikuwa kosa, mlione sasa kabla yangu, maana mimi niliingia uani nikasogeza kunde, nikaona zimekaa vizuri: kunde ya Mama Zena inatoka kwenye roketi, inampa mbegu kunde ya Lazaro, na mimi nimesimama kando naongoza. Mambo yalikuwa mema kabisa.

Tulikipaka kihenge chokaa, tukakivalisha karatasi za rangi ya fedha za ndani ya masanduku ya chai, mwenye duka alitupatia alipoambiwa ni za mwezini. Tukakifunga juu ya gari. Mama Zena akakaa mbele na Lazaro, Zena katikati. Mimi siwezi kukaa humo, kwa hiyo nilikwenda mpaka mjini nimeshika kamba huko nyuma, nje, nameza vumbi la mchezo wangu mwenyewe. Wakati huo watu wengi walikuwa wanahamia vijiji vipya, mizigo juu ya malori, kwa hiyo kila tulipopita walidhani na sisi tunahama.

"Mnahamishiwa wapi?" mtu mmoja akapiga kelele kando ya njia.

Mama Zena akatoa kichwa dirishani. "Mwezini."

"Huko nako wameanzisha kijiji?"

"Kimeanzishwa," akasema, "hakijapata wakulima."

Nilisikia kule nyuma nikajisemea, huyu mama ananiibia kazi.

Asubuhi ya kupiga picha Lazaro akajifunga blanketi, akasema ana homa. Nikamgusa paji la uso, baridi kama mtungi. Akaniambia, "Homa yangu ni ya ndani." Alikuwa amekesha usiku kucha analifikiria jambo ambalo mimi sikulifikiria. Bila Lazaro, mtu wa mwezini alibaki kuwa nani? Ndugu Kassimu hawezi, ameshika kamera. Ni mimi. Na anayetoka kwenye roketi kunikabidhi mbegu mkono kwa mkono, uso kwa uso, ni nani? Kunde hazina wakwe, vijana. Hapo ndipo ufundi wangu wote ulipokosea.

Nilivaa nguo zangu za mwezini, yaani magunia yaliyopakwa majivu. Kihenge tulikilaza ubavu, mdomo kuelekea kwangu. Ndugu Kassimu akasema mkanda ni mdogo, tunacheza mara moja tu, hakuna kurudia. Kisha akasema, "Haya."

Mama Zena akatoka. Sasa, hakuna mwanamke wa kwetu anayetoka kwenye kihenge kwa kutanguliza uso. Anatoka kama anavyotoka siku zote akimaliza kuchota, kinyumenyume, miguu kwanza, akiuvuta ungo wa mbegu. Nami nikaona ukingo wa kanga yake, na mwili wangu ukageuka wenyewe bila kuniuliza. Nikampa mgongo. Yeye akanipa mgongo. Tukaanza kukaribiana namna hiyo, hatua kwa hatua, kila mtu anatazama upande wake wa dunia.

"Mbona mnakwenda kinyumenyume?" Ndugu Kassimu akauliza huku kamera inazunguka. "Geukeni."

"Zena," nikasema, "mwambie mama asogee kushoto kidogo."

"Mama, sogea kushoto."

"Mwambie huyo bwana kushoto kwangu au kwake?"

"Geukeni, jamani, mkanda unakwisha."

Nikapiga hatua nyingine nyuma. Ile chumvi ya Singidani juu ni ngumu kama sahani, chini yake ni tope jeusi. Mguu ukapasua sahani, nikazama mpaka gotini. Nikiwa nimezama nikanyoosha mikono nyuma ya mgongo wangu, yeye akapitisha ungo nyuma ya mgongo wake, tukakutanisha kwa kupapasa. Mbegu zikapita. Kamera ikafanya kelele ya mkanda uliokwisha. Mtu wa pwani akakaa chini juu ya mwezi, akafunika uso.

Filamu ilikwenda Dar es Salaam kusafishwa, ikarudi siku ileile ya sikukuu. Hakuna aliyeiona kabla. Haikuwa na sauti; sauti ilikuwa iwe mimi.

Niseme kidogo habari ya mtu wa mabati, mpate kupumua kabla sijawapeleka uwanjani. Miaka ya baadaye nilitoa mchezo wa mtu wa chuma, nikamvalisha kijana mmoja mabati mwili mzima, nikayafunga kwa waya. Nilisahau kwamba binadamu hukaa. Alisimama tangu asubuhi mpaka jioni, na alipotaka kwenda haja ilibidi tumwite fundi. Watunzi, mkimvika mtu kitu, kwanza mjaribu kukaa nacho nyinyi wenyewe. Sasa twendeni uwanjani.

Giza lilipoingia uwanja ulikuwa umejaa hadi kwenye barabara. Mbele viti: Mkuu wa Wilaya, Afisa Habari, wageni. Chini yao wazee, Mzee Nkungu akiwa na kigoda chake. Wanawake upande wao, Mama Zena kati yao, ameketi kama mtu aliyerudi safari ndefu. Lazaro akawasha projekta. Chumvi nyeupe ikajaa shuka, watu wakaguna kwa kuona mwezi. Nikaanza kusema. Nikawaambia njaa ya mwezini, nikawaambia mashine ambazo hazikuja. Roketi ikaonekana, wakapiga makofi. Kisha ukatoka mgongo wa Mama Zena, halafu ukaingia mgongo wangu.

Kwenye upande wa wanawake sauti ikasema, "Si Mama Zena wa Mungaa huyo?"

"Na yule si mkwewe?"

Mtu na mama mkwe wake, juu ya shuka, mbele ya wilaya nzima. Halafu nikasikia kikohozi. Kikajibiwa na kingine. Afisa Habari akainama kwangu: "Kwa nini wanatembea kinyumenyume?" Na kutoka kwenye projekta Lazaro akaniuliza polepole, kwa huruma kabisa, "Nilete koo?"

Nikakumbuka neno la Mzee Sulemani, usinyamaze, na kwa mara ya kwanza nikalikaidi. Nilinyamaza. Nilinyamaza mpaka wanaokohoa wakaona aibu kusikika peke yao. Kisha nikasema kwa Kinyaturu, lugha yetu ya nyumbani, taratibu, kila mtu asikie:

"Huyu mtu wa mwezini amesahau mambo yote. Amesahau kulima. Amesahau mvua, ameisahau ngoma, hata jina la baba yake limempotea. Majembe yake yaliozea mipini akingoja mashine. Jambo moja tu hakusahau. Mtu anayekuletea mbegu mpaka nyumbani kwako, akakupa kitu cha kuzaa ambacho hukuwa nacho, huyo ni mama mkwe wako. Na mama mkwe hatazamwi."

Pale kwenye picha ndipo nilipozama gotini. Nikasema, "Mnaona mguu unavyozama? Ardhi ya mwezini ni laini. Haijapata mtu tu."

Mzee Nkungu akainuka kutoka kwenye kigoda chake, jambo ambalo hakulifanya hata kwa Mkuu wa Wilaya. Akasema kwa sauti ya baraza, "Hao watu wana adabu. Wapewe mbegu." Uwanja ukalipuka. Wazee walicheka hadi wakashikana mabega, wanawake wakapiga vigelegele, na ungo ulipopita kutoka mgongo kwenda mgongo walishangilia kama ng'ombe wa mahari wameingia zizini. Afisa Habari alicheka wa mwisho, baada ya kufasiriwa. Nilimfasiria mwenyewe.

Wiki hiyohiyo Mzee Nkungu akafika ofisini na kibuyu cha mbegu za uwele, akakiweka mezani kwa Afisa.

"Hii ni ya nini, mzee?"

"Ya mwezini. Sepuka tumechanga."

"Mzee wangu, ule ulikuwa mchezo."

"Na lile jembe lilikuwa nini?"

Afisa akakisogeza kibuyu kumrudishia mzee.

"Basi pokea," akasema Mzee Nkungu. "Sisi tumesharudi shambani. Hizi ni za akiba." Akatoka, na uso wake ulikuwa uleule wa ukuta wa tembe.

Afisa alikitazama kibuyu, akanitazama mimi, akavuta droo akatoa kipaza sauti. "Chukua," akasema, "na uondoke mbele yangu." Nje nilimkuta Lazaro anasafisha vioo vya gari. Nikamuuliza koo linaendeleaje. Akasema asali imemwishia.

Ilibaki kurudisha kihenge. Tulikipeleka Mungaa mimi na Lazaro, tukakishusha nje ya ua. Mama Zena alikuwa uani anapepeta, na Zena alikuwa amekwenda kisimani, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kupitishia neno. Nikakibeba kwa bega langu hili lililoshuka, nikaingia nacho kinyumenyume kama mwezini, nikakisimamisha mahali pake. Karatasi za fedha zilikuwa bado zinawaka kwenye jua. Nikauambia ukuta, "Nije lini kuzikwangua?"

Nyuma yangu ungo ukaacha kupepeta. Kulikuwa na mbuzi wawili wanaokota pumba. Mama Zena akawasemesha wale mbuzi.

"Mwambieni huyo bwana asizikwangue. Na safari ijayo asihangaike kutafuta rubani."

Mbuzi hawakunifikishia. Nilisikia mwenyewe.